Kauli Moja na Deni la Kujuzana

Ubalozi unapotoa tamko, anayesema ni nani? Na tamko hilo likigeuka kuwa uongo, au likilinyamazia jambo lililopasa kusemwa, lawama yake humwangukia nani? Swali hili mara nyingi hujibiwa kiutawala, kwa kuonyesha mpangilio wa vyeo na saini iliyo chini ya barua, lakini ndani yake limo swali la zamani la falsafa ya maadili, yaani kama kundi la watu linaweza kujua, kunuia, kusema kweli na kukosa kwa namna ambayo haiwezi kugawanywa ikaishia kwa mtu mmoja mmoja aliyemo kundini. Misheni ya kidiplomasia ni mahali panapofaa sana kulichunguzia swali hilo, kwa sababu ni taasisi chache zinazodai waziwazi kiasi hicho kuwa na mdomo mmoja, huku zikiundwa na watu wenye waajiri tofauti, siri tofauti na hata viapo tofauti.

Mkataba wa Vienna kuhusu Mahusiano ya Kidiplomasia, uliopitishwa mwaka 1961, unazitaja katika ibara yake ya 3 kazi kuu za misheni: kuiwakilisha nchi iliyoituma, kuyalinda maslahi ya nchi hiyo na ya raia wake, kufanya mazungumzo na serikali ya nchi mwenyeji, kuchunguza kwa njia halali hali na matukio ya nchi hiyo na kuyatolea taarifa nyumbani, na kukuza urafiki baina ya pande mbili. Inafaa kuitazama kwa makini kazi ya nne, ile ya kujua na kutaarifu, maana ndiyo inayosahaulika pale mawasiliano ya kimkakati yanapojadiliwa. Kwa istilahi hiyo hukusudiwa utaratibu wa taasisi kupanga mapema nini kisemwe, na nani, kwa nani, wakati gani na kwa lengo lipi, ili maneno na matendo ya vitengo vyote yaelekee upande mmoja. Mazoea ya kazi hiyo huanzia kwenye kusema, kana kwamba kujua kumekwisha kufanyika, na kilichobaki ni kuchagua maneno na kuhakikisha kwamba hakuna afisa anayekwenda kinyume nayo.

Kujua hakukamiliki kwa urahisi hivyo, hasa ndani ya ubalozi, ambamo habari zimegawanyika tangu mwanzo. Afisa wa siasa huzungumza na wabunge, wanasheria na wahariri; mwambata jeshi husikia yale ambayo wanajeshi huambiana wao kwa wao; afisa wa konsula, anayeketi nyuma ya kioo akipokea maombi ya viza, huanza kuyaona mabadiliko ya nchi katika nyuso na maelezo ya watu wanaotaka kuondoka, kabla magazeti hayajayaandika; afisa wa usalama hujua vitisho; na watumishi wenyeji, yaani raia wa nchi mwenyeji walioajiriwa kuwa madereva, wakalimani, walinzi, makarani na wapokea wageni, huujua mji wenyewe. Kila mmoja wa maafisa waliotumwa kutoka nyumbani huweza kuwa na wizara yake inayomlipa, inayompandisha cheo na inayotarajia kupata taarifa zake kabla ya wengine. Katika balozi za Marekani jambo hili lilikuwa zito kiasi kwamba tarehe 29 Mei 1961 Rais John F. Kennedy aliwaandikia mabalozi wake barua ya kuwathibitishia kwamba misheni yote, pamoja na wawakilishi wa idara nyingine za serikali, iko chini ya uongozi wao. Barua hiyo ilishughulikia suala la mamlaka. Lakini kuwa na mamlaka juu ya watu si sawa na kuyafikia yale wanayoyajua, na balozi anaweza kutiiwa na kila mtu jengoni huku akiwa hana habari ya jambo kubwa lililo chumba cha pili.

Mwanafalsafa wa siasa wa Marekani, Dennis Thompson, aliliita jambo la namna hii, katika makala yake ya mwaka 1980, tatizo la mikono mingi: maafisa wengi wanapochangia tendo moja la serikali, kila mmoja kwa kipande chake, inakuwa vigumu kumpata hata mmoja anayeweza kulaumiwa kwa haki kwa ajili ya tendo zima. Thompson hakukubali kwamba kwa sababu hiyo lawama iachwe iyeyuke. Alishikilia kwamba wajibu wa mtu binafsi unaweza kufuatiliwa hata ndani ya urasimu, na katika kuufuatilia hapana budi kuuliza mtu alichangia nini na alipaswa kujua nini. Hili la pili ndilo lenye uzito hapa, kwa kuwa katika taasisi iliyogawanyika kutojua kwa mmoja mara nyingi ni kunyamaza kwa mwingine. Misheni, basi, ina madeni mawili ya kimaadili, la kwanza likiwa ni kuwa na kauli moja mbele ya watu wa nje, na la pili kujuzana miongoni mwa watu wake; na dai linalotetewa hapa ni kwamba deni la pili hutangulia, kiasi kwamba kauli iliyotolewa bila kulilipa haistahili kuitwa kauli ya misheni, hata kama imetiwa saini na kugongwa muhuri ipasavyo.

Historia ya Rwanda ya mwaka 1994 inalionyesha hilo kwa uchungu, kwa sababu wakati ule uratibu haukukosekana. Tarehe 11 Januari mwaka huo Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, kamanda wa kikosi cha Umoja wa Mataifa mjini Kigali, alituma New York ujumbe wa kueleza kwamba mtoa habari mmoja kutoka ndani ya kundi la wanamgambo la Interahamwe amefichua habari za silaha zilizofichwa na za maandalizi ya kuwaua Watutsi. Idara ya Operesheni za Kulinda Amani ilimzuia kuyavamia maficho hayo kwa hoja kwamba hatua hiyo ingevuka mipaka ya majukumu ya kikosi, ikamwagiza amweleze Rais Juvénal Habyarimana pamoja na mabalozi wa Ubelgiji, Ufaransa na Marekani. Agizo lilitekelezwa na mabalozi wakaelezwa. Ujumbe wenyewe haukupelekwa mbele ya Baraza la Usalama, ambalo ndilo lililokuwa na uwezo wa kuibadilisha mipaka hiyo, na tume huru iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, aliyepata kuwa Waziri Mkuu wa Sweden, ililikosoa jambo hilo katika ripoti yake ya Desemba 1999. Ofisi zilipokea, zikajibu na kuhifadhi nakala, na aliyepaswa kuamua akabaki bila habari.

Jioni ya tarehe 6 Aprili ndege ya Habyarimana, iliyokuwa ikirejea kutoka mkutano wa viongozi wa kanda uliofanyika Dar es Salaam, ilidunguliwa, na mauaji yakaanza. Mjini Washington, Prudence Bushnell, wakati huo afisa mwandamizi wa masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje, aliwapigia simu wakuu wa jeshi la Rwanda akiwataka wakomeshe mauaji, na ndani ya serikali yake likaulizwa swali kama mawimbi ya redio RTLM, iliyokuwa ikichochea mauaji na kutaja majina ya watu wa kusakwa, yangeweza kuvurugwa. Jibu la Wizara ya Ulinzi, katika waraka wa tarehe 5 Mei, lilikuwa kwamba ndege ya kufanya kazi hiyo ingegharimu takriban dola 8,500 kwa kila saa ya kuruka, kwamba vipo vikwazo vya kisheria, na kwamba matokeo yenyewe hayana uhakika. Siku chache kabla ya hapo, waraka wa majadiliano wa tarehe 1 Mei ulikuwa umetahadharisha kwamba serikali ikishatamka kuwa yanayotendeka ni mauaji ya kimbari, huenda ikalazimika kuchukua hatua. Ndipo tarehe 10 Juni msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje, akiwa mbele ya waandishi wa habari, alipokubali kusema kwamba vitendo vya mauaji ya kimbari vimetendeka. Na alipoulizwa ni vitendo vingapi vya namna hiyo vinavyotosha kufanya mauaji ya kimbari, alisema kwamba hayuko katika nafasi ya kulijibu swali hilo. Wakati huo watu waliokwisha kuuawa walikuwa mamia kwa maelfu.

Kwa kipimo cha kawaida cha mawasiliano ya kimkakati kazi hiyo ilifanikiwa, kwa maana wanasheria, wanajeshi na wanadiplomasia waliafikiana juu ya maneno ya kusema, na maneno hayo yakasemwa bila kupotoka. Mwenye kutafuta uongo katika sentensi yoyote iliyotamkwa siku ile hataupata kwa urahisi, kwa sababu vitendo vya mauaji ya kimbari kweli vilikuwa vimetendeka, na msemaji kweli hakuwa na ruhusa ya kusema zaidi. Maana ya kawaida ya kudanganya, ambayo humtaka mtu mmoja aseme jambo analoliamini kuwa si kweli kwa nia ya kumpotosha mwingine, inakwama hapa. Kwani mwenye kusema hakutunga maneno, waliotunga hawakuyasema, na nia ya kupotosha haikuwa ya mmoja wao peke yake. Lakini jambo linalokosa mahali pa kukaa katika nafsi ya mtu mmoja linaweza kuwa na makao katika utaratibu, na utaratibu uliopangwa ili watu wasiyaone yaliyo wazi ni udanganyifu, hata kama kila fundi aliyeshika kipande chake anaweza kuapa kwamba kipande hicho hakina kasoro. Mwanafalsafa wa siasa Hannah Arendt, akiandika mwaka 1971 juu ya nyaraka za siri za vita vya Vietnam, alionyesha hatari iliyo mbele zaidi, ambayo ni kwamba wenye kupamba maneno kwa ajili ya watu wa nje huishia kuyaamini wao wenyewe, na kwa hiyo kupoteza uwezo wa kuiona hali ilivyo. Kauli moja isiyotokana na kujuzana hurudi ndani na kukiziba chanzo cha habari.

Isihitimishwe kwamba kauli moja ni hila tangu asili yake. Serikali mwenyeji ikiambiwa na balozi kwamba msaada una masharti, na jioni hiyohiyo ikaambiwa na mwambata jeshi kwamba masharti hayo si ya kweli, itaamini yale inayoyapenda, na wanaoumia kwa mkanganyiko huo mara nyingi si maafisa wala mawaziri bali ni raia wa kawaida. Hii ndiyo sababu ya Mkataba wa Vienna, katika ibara ya 41, kutaka shughuli zote rasmi zifanywe pamoja na wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji, au kupitia kwake, au kupitia wizara nyingine iliyokubaliwa. Neno la misheni lina thamani kwa kuwa mwenye kulisikia anaweza kulitegemea, na neno linalobadilika kutoka chumba hadi chumba halitegemeki. Suala linalobaki ni jinsi kauli hiyo inavyopatikana, na katika hili mwanafalsafa wa Ghana, Kwasi Wiredu, ametoa tofauti yenye msaada mkubwa. Akichambua mabaraza ya Waashanti, Wiredu alieleza kwamba mwafaka hauwataki watu wote wawe na imani moja juu ya ukweli wa jambo au juu ya uzuri wake. Unawataka wakubaliane juu ya la kutenda, huku tofauti zao za maoni zikiendelea kuwepo na kutambuliwa. Aliyeshindwa kwa hoja katika baraza la namna hiyo hakunyang'anywa mawazo yake. Alikubali kwa hiari kuyaweka kando kwa ajili ya tendo la pamoja, na alikubali kwa sababu alikuwa amesikilizwa.

Kuna masharti mawili ndani ya maelezo hayo, na misheni nyingi hutimiza la kwanza na kulisahau la pili. La kwanza ni kwamba kila mwenye hoja apate nafasi ya kuitoa. La pili, lililo gumu zaidi, ni kwamba wanaojadiliana wawe na habari zilezile juu ya jambo wanalolijadili, kwa maana mjadala kati ya anayejua na asiyejua kwamba kuna cha kujua si mashauriano. Tukio la Dhaka la mwaka 1971 linafundisha sana juu ya sharti hilo la pili. Usiku wa tarehe 25 Machi jeshi la Pakistan lilianza kuwashambulia watu wa mashariki ya nchi hiyo, eneo ambalo leo ni Bangladesh, na watumishi wa ubalozi mdogo wa Marekani walioshuhudia mauaji hayo walituma Washington taarifa moja baada ya nyingine. Tarehe 6 Aprili ulitoka kwao ujumbe wa kuipinga sera ya serikali yao, wakiilaumu kwa kushindwa kulaani ukandamizaji wa demokrasia na mauaji ya raia. Jambo la kuzingatia ni nani walioutia saini, kwa kuwa walikuwa Wamarekani 20 kutoka ubalozi mdogo, kutoka shirika la misaada ya maendeleo na kutoka idara ya habari, yaani watu wa vitengo ambavyo kwa kawaida kila kimoja huandika taarifa yake kwa wakubwa wake. Konsuli mkuu, Archer Blood, aliusafirisha ujumbe huo kwa idhini yake na kuongeza maneno ya kuunga mkono msimamo wao. Baadaye aliondolewa kituoni.

Wale watu 20 walikuwa wamelipa deni la kujuzana kadiri walivyoweza, na kauli yao ilikuwa kauli ya misheni kwa maana kamili zaidi kuliko matamko mengi yanayotolewa kwa itifaki zote. Wasilolijua ni kwamba Rais Richard Nixon na mshauri wake Henry Kissinger walikuwa wakimtumia mtawala wa Pakistan, Yahya Khan, kuwa njia ya siri ya kuifikia China, na kwamba ziara ya siri ya Kissinger mjini Beijing, iliyofanyika Julai mwaka huo, ilikuwa ikiandaliwa kupitia mlango huo. Mtu anaweza kusema kwamba wangelijua hilo wangenyamaza. Na huenda baadhi yao wangenyamaza. Lakini wapo ambao wangeuliza kama kufunguliwa kwa mlango wa Beijing kunastahili kulipiwa kwa damu ya watu wa Dhaka, na swali hilo, ambalo ni la maadili kabla ya kuwa la siasa, halikuwahi kuulizwa mezani na watu waliokuwa wakiiona damu hiyo. Usiri uliwapokonya habari, na papo hapo ukawapokonya wenye habari mashahidi ambao ushahidi wao ungeweza kubadilisha hesabu. Mwaka huohuo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha njia rasmi ambayo kwayo afisa anaweza kupeleka maoni ya kupinga sera bila kuzuiwa na wakubwa wake. Njia hiyo ni ya heshima, ingawa ina upungufu usioondoka, yaani inampa mpingaji haki ya kusikika bila kumpa haki ya kujua.

Miaka 4 baada ya Rwanda, Prudence Bushnell alikuwa balozi wa Marekani nchini Kenya, katika jengo lililokuwa kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie katikati ya Nairobi, likipakana na mtaa wenye msongamano na likiwa karibu mno na barabara kuliko ilivyotakiwa na viwango vya usalama vya wizara yake, vilivyotokana na ripoti ya mwaka 1985 ya tume ya Admirali Bobby Inman. Aliandika kulalamikia hali hiyo, akajibiwa kwamba fedha hazitoshi, akaandika tena, na mwaka 1998 alimwandikia Waziri wa Mambo ya Nje, Madeleine Albright, moja kwa moja. Wakati huohuo wapelelezi wa nchi yake walikuwa wamekwisha kuipekua nyumba moja jijini Nairobi, Agosti 1997, wakifuatilia mtandao wa al-Qaeda, na baadaye Bushnell alieleza hadharani kwamba yako mambo ya uchunguzi huo aliyokuja kuyajua baada ya mlipuko tu. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye mabomu lililipuka nyuma ya ubalozi, na dakika chache tu zikatenganisha mlipuko huo na ule wa ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na waliojeruhiwa walikuwa maelfu.

Tume za uchunguzi zilizoongozwa na Admirali William Crowe, ambazo ripoti zake zilitolewa Januari 1999, zilifikia uamuzi ambao mwanafalsafa hawezi kuupita haraka. Hazikumpata mtumishi yeyote wa serikali ya Marekani aliyevunja wajibu wake. Na papo hapo zikasema kwamba kulikuwa na kushindwa kwa pamoja, kwa serikali kadhaa na Bunge, kwa muda wa muongo mzima, kutoa fedha na juhudi za kutosha kuzilinda balozi. Hapo tatizo la mikono mingi linaonekana katika waraka rasmi: kosa lipo, ukubwa wake umeandikwa, na mkosaji hayupo. Wapo watakaoona kwamba huo ni ukwepaji tu. Hukumu ya haki zaidi ni kwamba tume zilisema kweli juu ya kundi na zikaishia njiani juu ya watu, kwa sababu zilimpima kila mtu kwa kazi iliyoandikwa katika cheo chake, na hakuna cheo kilichoandikiwa kazi ya kuhakikisha kwamba anayejua kipande hiki amekutana na anayejua kipande kile. Mtu hawezi kuvunja wajibu ambao hakuna aliyepewa. Lakini kutoupa mtu yeyote wajibu ulio dhahiri kiasi hicho ni kosa, nalo lina wenyewe.

Ripoti hizohizo zina jambo dogo linalostahili kutazamwa kwa karibu. Washambuliaji walipofika kwenye kizuizi cha nyuma ya ubalozi, mlinzi wa Kikenya alikataa kuwafungulia. Katika sekunde zile za mwisho ilijaribiwa, kwa simu ya upepo na kwa simu ya kawaida, kuwafikia askari wa Marekani waliokuwa ndani, lakini simu ilikuwa na mtu, na simu za upepo zilitumia masafa ya mawimbi mamoja ambayo wakati huo yalikuwa yakitumiwa na mwingine. Ndani ya jengo, na katika majengo ya jirani, watu waliosikia risasi na guruneti walikwenda madirishani kutazama, na vioo vikawapata hapo. Inawezekana kwamba hata ujumbe ule ungefika, muda usingetosha. Hata hivyo mpangilio wenyewe unaeleza mengi, kwa kuwa aliyekuwa karibu zaidi na hatari, aliyeijua kabla ya balozi, kabla ya Washington na kabla ya idara zote za upelelezi, ndiye aliyepewa njia nyembamba kuliko wote ya kusema anachokijua.

Katika mafundisho ya Kiislamu, ambayo yameunda fikra za maadili za Waswahili wengi, kuna mambo mawili yanayosaidia kulifikiri hili kwa undani kuliko lugha ya uongozi wa ofisi. La kwanza ni shura, yaani mashauriano yaliyo wajibu. Wafasiri wa Kurani hueleza kwamba agizo la kushauriana lililomo katika Sura ya Aali Imran lilishuka baada ya vita vya Uhud, ambavyo Waislamu walitoka kwenda kuvipigana nje ya Madina kwa ushauri wa wengi na wakapata hasara. Na pamoja na hasara hiyo Mtume aliagizwa aendelee kuwashauri watu wale wale. Kwa hiyo uhalali wa shura hautokani na kuleta ushindi kila mara, bali na haki ya watu kushirikishwa katika jambo litakalowapata. La pili ni amana, ambayo haihesabiwi kuwa imetekelezwa kwa kutoka mikononi mwa aliyeishika, mpaka imfikie mwenyewe. Habari ya hatari, au ya dhuluma inayotendeka, ni amana ya namna hiyo. Anayeituma kwenye ofisi ambayo anajua kwamba haitaisoma, au anayeipeleka kwa lugha iliyopunguzwa makali ili isimchukize mkubwa, bado anayo mkononi. Bushnell aliandika mara nyingi kwa sababu alilielewa hilo. Dallaire alirudia maombi yake. Na wale wa Dhaka walitia saini wote pamoja.

Pingamizi kubwa dhidi ya dai hili ni usiri. Itasemwa kwamba misheni haiwezi kumjuza kila mtu kila jambo, kwa kuwa chanzo cha habari kinaweza kuuawa, uchunguzi unaweza kuharibika, na siri inayojulikana na watu 50 haikai. Pingamizi hilo ni la kweli na halifai kupuuzwa. Ila linathibitisha tu kwamba yako mambo ya kufichwa, wala halimpi mwenye siri haki ya kuamua peke yake nani aifahamu, maana yeye ndiye asiyeweza kujua ni kipande gani kilicho kwa mwenzake kingeipa siri yake maana. Zaidi ya hayo, kinachohitajika kumlinda mtu mara nyingi si chanzo cha habari bali ni habari yenyewe: kwamba lipo tishio, kwamba ni la lori na si la bastola, kwamba ukisikia mlipuko usiende dirishani.

Hapo ndipo swali la nani ni wa misheni linapojitokeza kwa ukali wake. Desemba 1988 mtu asiyejulikana aliupigia simu ubalozi wa Marekani mjini Helsinki akidai kwamba ndege ya Pan Am itokayo Frankfurt italipuliwa ndani ya wiki mbili. Tangazo la onyo hilo likabandikwa katika ubalozi wa Moscow ili watumishi walione, na wasafiri wengine hawakuambiwa. Tarehe 21 mwezi huo ndege ya Pan Am ililipuka juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, na watu 270 wakafa. Wachunguzi walihitimisha kwamba simu ya Helsinki ilikuwa ya uzushi na haikuhusiana na mlipuko huo, lakini hilo halikuondoa ubaya wa watumishi wachache kupewa nafasi ya kuchagua ambayo wengine walinyimwa, na Marekani ikaweka kanuni kwamba onyo wanalopewa watumishi wa serikali wapewe na raia wake wengine pia.

Kanuni hiyo ni njema, ila inaishia kwenye raia wa nchi yenye ubalozi. Kati ya watu 213 waliokufa Nairobi, Wamarekani walikuwa 12. Wakenya walioajiriwa na ubalozi walikuwa 32. Waliobaki wengi wao walikuwa watu waliokuwa kazini au masomoni katika jumba la Ufundi lililoporomoka kando ya ubalozi, au waliokuwa wakipita barabarani kwa shughuli zao. Wale 32 walikuwa sehemu ya misheni kwa kazi waliyoifanya na kwa kifo walichokufa. Walio nje ya ukuta walikuwa jirani zake tu. Mkataba wa Vienna, katika ibara ya 22, unaipa nchi mwenyeji wajibu maalumu wa kuchukua hatua zote zifaazo kuulinda ubalozi. Hauna ibara inayoutaka ubalozi umweleze mwenye duka, mwanafunzi au mlinzi wa lango la pili juu ya hatari ambayo kuwapo kwake kumewaletea, na hiyo ndiyo ibara ambayo wanasheria na viongozi wa Afrika Mashariki wangekuwa na haki ya kuidai.